MCHWA HANA SIKU YA MAPUMZIKO



Wengi wetu tunaofanya kazi Juba tunaishi Gumbo, ng'ambo ya mashariki ya Mto Nile, kando ya barabara ya Nimule. Nyumba nyingi huku ni za nguzo za miti, mianzi na udongo, na juu ni nyasi au mabati. Tumezijenga kwa mishahara yetu, nguzo moja moja. Lakini mchwa hula ndani na kuacha ganda la nje, hata mtu akalala usingizi chini ya boriti iliyokwisha kuliwa.

Tusingoje paa lituangukie. Mvua zinapoanza, na tena zinapokwisha, tutenge Jumapili moja tukague nyumba zetu. Vifaa ni tochi na bisibisi tu.

Kwanza, tuzunguke nje. Pale mti unapoingia ardhini ndipo adui anapopitia. Tutafute njia za udongo zenye unene wa penseli, kwani mchwa huogopa mwanga na hewa kavu. Tubomoe kipande cha njia hiyo na kurudi kesho yake. Kikiwa kimejengwa upya, mchwa wamo. Kisipojengwa, tuendelee kutafuta, maana huenda wamehamia nguzo nyingine.

Pili, tugonge nguzo, fremu za milango na boriti kwa mpini wa bisibisi. Mti mzima hulia kwa uzito. Ulioliwa hulia kama debe tupu. Hapo tuchome kwa ncha. Ikizama bila nguvu, nguzo hiyo ibadilishwe, na kwanza paa liegemezwe mti mwingine.

Tatu, tutazame mabawa ya kumbikumbi. Yakirundikana ndani ya nyumba iliyokuwa imefungwa, huenda kiota kiko chini ya sakafu.

Nne, tusimlaumu mchwa kwa kila kosa. Unga laini chini ya mianzi ni kazi ya bungua. Mti mweusi, laini na wenye unyevu umeoza kwa kuvu. Huo dawa ya mchwa haiusaidii. Tuzibe paa linalovuja.

Kuua mchwa tunaowaona hakutoshi. Malkia yuko chini, naye hutaga maelfu ya mayai kila siku. Kinga ni bora: nguzo isimame juu ya jiwe au saruji, kuni zikae mbali na ukuta, udongo usirundikwe ukutani.

Wenzetu wa mashambani wanazijua dawa za kunyunyizia. Tahadhari! Aldrini na dieldrini, zilizotumika zamani kuua mchwa, zimo katika orodha ya sumu zilizokatazwa na Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Dawa ya chupa isiyo na maandishi tusiinunue, wala tusiimwage karibu na kisima. Oili chafu ya magari nayo huharibu maji.

Kwa wapangaji, tukague kabla ya kulipa kodi, mwenye nyumba akiwapo. Na wanaolala katika nyumba za kampuni waende kwa mwajiri pamoja, si mmoja mmoja, wakiwa na orodha ya nguzo mbovu, chumba kwa chumba. Mtu mmoja akilalamika huambiwa ana maneno mengi. Chumba kizima kikisema, fundi huitwa.

Mchwa mmoja hawezi kuangusha nyumba. Wao huiangusha kwa umoja. Nasi tuilinde kwa umoja.