Sanduku la Dawa Peke Yake Haliokoi Mtu



Katika mashamba ya michikichi ya Rumonge ajali si jambo geni. Mwenzetu hupanda mchikichi mrefu kwa kamba, panga mkononi, na mkungu wenye miiba anaouangusha huweza kufika kilo 20. Wengine wako kwenye mashine za kukamua, karibu na mapipa ya mawese yanayochemka. Wengine huingia ziwani usiku kuvua ndagala na mikeke. Kila mmoja wetu anamjua mtu aliyeanguka, aliyeungua au aliyezama.

Sisi wa chama tuliwahi kufika mahali ambapo mwenzetu alikuwa ameanguka kutoka mchikichini. Sanduku la dawa lilikuwapo, lakini lilikuwa limefungwa kwa kufuli, na karani mwenye ufunguo alikuwa amekwenda mjini. Watu zaidi ya kumi walimzunguka majeruhi. Huyu anasema abebwe, huyu anasema apewe maji, yule anamvuta mkono akae. Mwishowe walimkunja wakamtia nyuma ya gari la mizigo. Leo anatembea kwa mkongojo. Kama ni kuanguka kulikomvunja au ni kubebwa vibaya, hakuna awezaye kusema.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya siku ile. Kilichokosekana ni mtu mmoja aliyefunzwa, ambaye wote wangemsikiliza. Hilo ndilo neno letu la leo: huduma ya kwanza ni kazi ya uongozi, na uongozi hufunzwa.

MTU WA HUDUMA YA KWANZA NI KIONGOZI

Wengi hudhani kazi yake ni kufunga bandeji. Kabla ya bandeji, kazi yake ni kukomesha fujo. Kwanza hutazama kama mahali ni salama, na kama mashine imezimwa. Kisha hutoa amri fupi kwa mtu mmoja mmoja: wewe bonyeza hapa penye damu kwa kitambaa safi, usiachie, wewe kapige simu, wewe simama barabarani uonyeshe gari njia.

Aliyeanguka kutoka juu hakunjwi wala haketishwi. Kichwa na shingo vishikwe vikae sawa mpaka machela au ubao upatikane. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Asipakwe mawese wala dawa ya meno.

Wakati huo nyapara na meneja nao yawapasa kumsikiliza. Lakini mfanyakazi wa kawaida hatathubutu kumwamuru meneja kama jambo hilo halikutangazwa mapema mbele ya wote. Ndiyo maana tunasema apewe madaraka hayo kwa maandishi.

MAFUNZO HAYAISHI SIKU MOJA

Panga lisilonolewa hupata kutu. Ujuzi nao ni hivyo. Chukua kazi ya kumsukuma kifua mtu ambaye moyo wake umesimama: misukumo 30 kisha pumzi 2, kwa mwendo wa misukumo 100 hadi 120 kwa dakika. Imeonekana mahali pengi kwamba aliyefundishwa kazi hii asipoirudia, baada ya miezi michache mikono yake huanza kusahau, hata kama cheti bado kinaning'inia ukutani. Kwa hiyo mazoezi yarudiwe kila baada ya miezi mitatu au minne.

Pia kila ajali iandikwe daftarini: ilitokea saa ngapi, nini kilifanyika, nini kilichelewa. Wahusika waketi wajifunze kutoka humo, bila kutafuta wa kulaumiwa.

Walimu si wa kutafutwa mbali. Msalaba Mwekundu wa Burundi una watu wa kujitolea mpaka kwenye vilima vyetu. Twende kwao tuwaombe.

MUUGUZI WA KITUO CHA AFYA

Kutoka Rumonge hadi Bujumbura ni zaidi ya kilomita 70. Kwa wengi wetu mlango wa kwanza ni kituo cha afya, na mara nyingi huko hakuna daktari. Mkuu wa kituo, yule tunayemwita titulaire, kwa kawaida ni muuguzi. Yeye hutibu, huongoza wenzake, huhesabu dawa, huandika ripoti, na huamua nani apelekwe hospitali. Tangu mwaka 2006 watoto wa chini ya miaka mitano na akina mama wanaojifungua hutibiwa bure katika vituo vya serikali, na mzigo wake ukaongezeka.

Huyu ni mfanyakazi kama sisi. Anapodai masomo zaidi, anadai uhai wetu. Nasi tumsaidie: majeruhi afike na karatasi yenye saa ya ajali na yaliyofanywa njiani.

JE, MTU WA SHULE YA MSINGI ANAWEZA?

Wengi wetu tuliishia shule ya msingi, na wapo watakaosema kazi hii si yetu. Sikilizeni habari ya Pittsburgh, Marekani. Huko zamani wagonjwa walibebwa kwa magari ya polisi bila matibabu yoyote. Mwaka 1967 ilianzishwa Freedom House Ambulance Service katika mtaa wa watu weusi. Daktari Peter Safar aliwafunza watu wa mtaa huo, wengi wao wasio na kazi, na baadhi hawakuwa wamemaliza sekondari. Walisoma yapata saa 300, nao wakawa miongoni mwa wahudumu wa kwanza nchini mwao kumtibu mgonjwa ndani ya gari kwa ujuzi wa namna hiyo.

Lakini mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake, na Freedom House ikafungwa. Wengi wao walisukumwa pembeni na uongozi ukashikwa na wengine. Mmoja wao, John Moon, alivumilia na miaka mingi baadaye akapanda mpaka kuwa mkuu msaidizi wa huduma hiyo ya jiji. Fundisho ni hili: kuwafunza wafanyakazi hakutoshi. Ujuzi wao utambuliwe, na ngazi ya kupanda iwepo.

TUDAI NINI?

Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema mwajiri aweke mipango ya huduma ya kwanza inayotosha, na usalama kazini usimgharimu mfanyakazi hata kidogo. Juni 2022 shirika hilo liliuweka mkataba huo miongoni mwa mikataba ya msingi. Kwa hiyo hatuombi hisani tunapodai:

1. Kila kikosi cha kazi kiwe na mtu wa huduma ya kwanza aliyechaguliwa na wenzake.
2. Afunzwe katika saa za kazi, kwa mshahara kamili, na apewe cheti.
3. Madaraka yake yatangazwe kwa maandishi.
4. Mazoezi yarudiwe, na daftari la ajali litunzwe.
5. Sanduku lisiwe na kufuli, na machela iwe karibu.

Ndugu, katika mkutano ujao wa tawi lenu ulizeni swali moja tu: mwenzetu akianguka kesho asubuhi, ni nani atakayetoa amri? Kama hamna jibu, anzeni hapo.