Ukimya wa Mashine si Ushahidi

Viwanda vingi duniani vimeacha kuhesabu bidhaa kwa daftari na kalamu. Pale mlangoni mwa ghala, alipokuwa akisimama karani na kutia alama kwa kila kreti inayopita, siku hizi pamefungwa chombo kisichozidi ukubwa wa kitabu, nacho husoma kwa mawimbi ya redio vibandiko vilivyotiwa juu ya bidhaa. Mafundi hukiita kisomaji cha RFID. Twapenda leo kusema maneno machache juu ya namna chombo hiki kinavyofungwa na kuendeshwa, kwa kuwa twaona ya kwamba wengi wa wanaokinunua, na wengi zaidi wa wale wanaofanya kazi chini ya hesabu yake, hawakuelezwa vya kutosha ni neno gani kinaloweza kulisema kwa kweli, na ni neno gani kisiloweza.

Fikra yenyewe si ngeni. Katika Vita Kuu ya Pili ndege za vita zilitambuana kwa mawimbi ya redio, na mwaka 1948 mhandisi Harry Stockman alichapisha huko Marekani makala iliyoeleza jinsi chombo kimoja kinavyoweza kupeleka habari kwa kurudisha tu mawimbi yaliyorushwa na chombo kingine. Ilibidi kungoja miaka mingi mpaka zikapatikana chipu ndogo na za bei nafuu, ndipo fikra hiyo ikaingia viwandani.

Kibandiko kinachotumika zaidi hakina betri. Ndani yake mna chipu ndogo kuliko punje ya mtama, na utepe mwembamba wa madini ulio antena yake. Kisomaji hurusha mawimbi. Kibandiko huamka kwa nguvu ya mawimbi hayo hayo, kisha huyarudisha yakiwa yamebeba namba yake. Asiyelishwa hasemi. Kibandiko ambacho mawimbi hayakukifikia, au yalikifikia yamekwisha dhoofika, hukaa kimya kana kwamba hakipo. Basi yafaa kila mtu afahamu jambo hili: kisomaji hakiwezi kamwe kusema ya kwamba kreti haikupita. Kinachoweza kusema ni kwamba hakikusikia kitu. Kompyuta ya ofisini ndiyo inayoyageuza maneno hayo na kuandika "haipo", na karatasi ikifika mezani kwa mkubwa, tofauti ya maneno hayo mawili yaweza kuwa mshahara wa mtu.

Kwa hiyo kazi ya kukifunga si kazi ya kukaza parafujo tu. Yapasa kwanza kuchagua masafa. Yako masafa ya megahezi 13.56, ambayo kiwandani husoma kwa umbali wa sentimita chache, na yako yale yaliyo kati ya megahezi 860 na 960, ambayo husoma kwa mita kadhaa. Mnunuzi akiambiwa hayo, mara nyingi hukimbilia yasomayo mbali, akidhani amepata zaidi kwa fedha yake. Sisi hatukubaliani na fikra hiyo. Mahali ambapo kipuri hupita juu ya kibebeo na kusimama mbele ya mashine ya kutoboa, kisomaji ndicho kinachoiambia mashine kipuri gani kimefika na kitobolewe vipi. Kikisikia kibandiko cha kibebeo kilicho kwenye mkanda wa jirani, mashine itatoboa kipuri hiki kwa vipimo vya kile. Hapo sikio fupi ndilo bora. Masikio marefu yawekwe kwenye milango ya ghala.

Hayo masafa marefu yana sheria zake. Ulaya hutumia megahezi 865 hadi 868. Marekani hutumia 902 hadi 928. Chombo kilichotoka Marekani kikiwashwa hapa bila kubadilishwa mpangilio, kitapiga kelele katika masafa ambayo baadhi ya simu za mkononi katika nchi zetu hutumia kuzungumza na minara. Ni lazima fundi aulize Mamlaka ya Mawasiliano ya nchi yake, iwe Tanzania au Kenya, ni masafa gani na ni nguvu kiasi gani inayoruhusiwa, na aupange mpangilio wa eneo kabla antena haijarusha wimbi hata moja.

Kisha kuna maadui wawili ambao wauzaji hawapendi kuwataja: chuma na maji. Chuma huyarudisha mawimbi na kuivuruga antena ya kibandiko. Maji huyameza, hasa yale ya masafa ya juu. Kibandiko cha karatasi kikibandikwa juu ya pipa la chuma, kitanyamaza ingawa kisomaji kiko shubiri moja mbele yake. Pipa hutaka kibandiko cha namna nyingine, chenye tabaka la kukitenga na chuma. Kreti za soda nazo zina lao. Kibandiko kikigusana na chupa zilizojaa hakitasikika vizuri; kikiwekwa kwenye ukingo wa plastiki, mbali na kinywaji, kitasikika. Na hata hapo, kreti iliyo katikati ya lundo, imezungukwa na wenziwe waliojaa pande zote, yaweza kupita mlangoni bila kusema neno. Hakuna aliyeiba kreti hiyo. Imefunikwa na maji tu.

Hapa ndipo fundi asiyefundishwa hufanya kosa lililo kubwa kuliko yote: huongeza nguvu. Hesabu ya mawimbi haimsaidii. Ili kibandiko kilishwe kwa umbali ulio mara mbili, nguvu haina budi kuongezwa mara nne, na kabla ya kufika huko sheria itakuwa imekwisha vunjwa. Juu ya hayo, kisomaji chenye nguvu kupita kiasi huanza kusikia kreti ambazo hazipiti mlangoni kabisa, zilizopangwa ghalani zikingoja zamu yake. Jana kilihesabu pungufu, leo kinahesabu zaidi, na fundi hufurahi kwa kuwa jumla imekaribiana. Twasema fundi huyo hakuponya ugonjwa, ameuficha. Dawa ni kuisogeza antena karibu, kupunguza nguvu, na kuweka jicho la umeme linalokiamsha kisomaji pale tu mzigo unapokatisha mbele yake. Mkanda ukienda mita moja kwa sekunde, na eneo la kusomea likiwa nusu mita, kibandiko kina nusu sekunde tu ya kuamka na kusema. Nusu sekunde yatosha kusoma namba. Kuandika habari mpya ndani ya kibandiko huchukua muda mrefu zaidi, na mahali pengine itabidi mkanda upunguzwe mwendo.

Mambo ya nyaya hayataki maneno mengi. Waya wa mtandao usilazwe pamoja na nyaya za mota kubwa, chombo kiungwe na ardhi, na tundu la antena lisilo na antena lisiwashwe, maana nguvu isiyo na pa kwenda hurudi ndani na huweza kukiunguza chombo.

Majaribio ndiyo yatakayo subira, nayo ndiyo hufupishwa. Mara nyingi mgeni aliyekuja kukifunga chombo hupitisha kreti tano tupu mchana, zote zasomeka, watu hupeana mikono. Jaribio hilo halina thamani. Kreti na zijazwe, na ziwe zimelowa kama zitokavyo kwenye mashine ya kujazia, na mkanda uende mwendo wake wa kila siku. Zihesabiwe kwa mikono ya watu wawili, mamia kwa mamia, na kila iliyokosekana itafutwe ilikuwa wapi katika lundo. Wapakiaji waitwe wawepo. Mhandisi anajua kreti zinavyopaswa kupangwa. Mpakiaji anajua zinavyopangwa saa nane ya usiku, lori likiwa linangoja na dereva anapiga honi. Ni huko usiku kisomaji kitakakofanya kazi, na ni huko kijaribiwe.

Baadhi ya mameneja watasema ya kwamba mashine haina ndugu wala rafiki, kwa hiyo haina sababu ya kusema uongo. Ni kweli haina. Lakini mizani ya dukani nayo haina ndugu, na hata hivyo watu wa vipimo huikagua na kuipiga muhuri kabla mwananchi hajauziwa sukari kwayo. Kwa nini basi chombo kinachoweza kumkata mfanyakazi mshahara kisiulizwe kwanza kama ni kizima? Twaomba wenye viwanda na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wakubaliane mapema, kabla chombo hakijawashwa, ya kwamba hesabu ya kisomaji peke yake haitakuwa sababu ya kumkata mtu wala ya kumshitaki. Hesabu zikigombana, mzigo uhesabiwe kwa mkono, na kumbukumbu za kisomaji za saa ile zifunguliwe mbele ya anayelaumiwa.

Iko pia njia rahisi ya kujua kama kisomaji kimeugua. Kibandiko kimoja hufungwa daima kwenye nguzo ya mlango, mahali ambapo kisomaji sharti kikisikie kila kinapoamka. Siku kibandiko hicho kitakaponyamaza, msimamizi wa zamu atajua ya kwamba antena imegongwa na foroko au waya umelegea, na hesabu zote tangu saa ile ziwekewe alama ya shaka.

Neno letu jingine ni juu ya mpangilio. Aghalabu mtaalamu aliyekuja kukifunga chombo hurudi kwao na neno la siri kichwani mwake, na kiwanda hubaki na sanduku ambalo hakuna aliye na ruhusa ya kuligusa. Masafa, nguvu, jina la kila antena, muda wa kusoma, anwani ya chombo katika mtandao: yote hayo yaandikwe, na nakala ikae katika kabati la mafundi wa zamu. Kisomaji kikifa Jumamosi usiku, fundi umeme aliye kazini aweze kutoa cha akiba, akipange kama kile cha kwanza, akijaribu kwa kibandiko cha nguzoni, na aufungue mkanda kabla chupa hazijaanza kulundikana.