Sakafu Humwuliza Aikanyagaye

Mwaka jana nilipanda kutoka Mombasa kwenda Kishushe, Taita Taveta, kumjulia hali mama, anayekaa kwa dada yangu huko. Sakafu yao ya saruji ilikuwa imepasuka. Siku moja, akitoka kutia udhu, mama alijikwaa penye ufa, akaanguka na kuteguka mkono. Nikaapa nitamtilia terazo.

Nilijiona mjuzi. Kazi hii ya mafundi wa Venice, Italia, waliotumia mabaki ya marumaru, tumeizoea majumbani kwetu pwani. Nikamwagiza fundi: saruji nyeupe, kokoto nyeupe na nyeusi, ing'are kama kioo.

"Bwana, tufanye mfano kwanza," akasema yule mzee.

Akamimina vigae vitatu vya michanganyiko mbalimbali. Vilipokauka akavisugua kwa jiwe na maji hata kokoto zikatokeza nyuso. Kumbe rangi ya kokoto mkononi siyo rangi yake sakafuni. Saruji inayoizunguka huweza kuipandisha au kuizima.

Vigae tukaviweka mlangoni. Udongo wa Kishushe ni mwekundu, na vilima vyake vina madini ya chuma. Kigae changu cheupe hakikufika adhuhuri kikiwa safi.

Kisha akaja mama na mkongojo wake, macho yakiwa hafifu. Akakitazama sana.

"Mwanangu, hiki chanizuga. Hili doa jeusi nitajuaje kama ni jiwe, ni shimo, au ni nge?"

Nikanyamaa. Kumbe nilikuwa nikimchagulia mama sakafu ya macho yangu mimi.

Akachagua saruji iliyotiwa wekundu kidogo, kokoto ndogo za kahawia na za rangi ya maziwa. Kizingitini tukatia mstari mweupe mtupu, aone pa kuinua mguu. Na pale pa kutilia udhu nikakataza kung'arishwa, maana terazo laini huteleza ikilowa.

Siku hizi mafundi wa mijini hunyunyiza chembe za rangi juu ya epoksi mbichi, kisha hupaka tabaka angavu juu yake. Kazi ni nyingine, shauri ni lile lile: utazame mfano ndani ya nyumba yako, ukiwa umesimama, mkavu na uliolowa, usiku na mchana.

Na umwulize atakayeikanyaga. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama sasa huenda kutia udhu peke yake, bila kushikwa mkono. Alhamdulillahi.