Banda la gari la bati: hela yako ianzie juu, si ukutani

Wadau, kuna swali nimeulizwa na watu watatu tofauti, hawajuani kabisa, na wote wanakaa Mwanza. Mmoja ameweka vyerehani viwili kwenye banda la gari la nyumbani kwake, mwingine anafundisha tuisheni humo, wa tatu ni saluni. Swali ni hilo hilo: "Ikifika saa saba mchana humu ndani hakukaliki. Nikitaka kuzuia joto itanigharimu shilingi ngapi?"

Kabla ya yote, lugha tu. Ukisema "gereji" hapa mjini watu wanafikiria mafundi, oili chini na gari limenyanyuliwa kwa jeki. Mimi nazungumzia kile chumba cha kulaza gari pembeni ya nyumba: tofali pande tatu, geti la chuma mbele, bati juu bila dari. Gari lenyewe mara nyingi halipo, au lipo ila linalala nje kwa sababu chumba kimepata kazi nyingine ya kuleta hela. Ni jambo la kawaida sana Nyasaka, Kiseke, Buhongwa, kote huko.

Ukiingia kwenye intaneti kutafuta namna ya kuzuia joto kwenye banda la gari utakutana na Wamarekani. Wana maelezo mazuri na picha safi, ila wenzetu wanapigana na baridi. Wanataka joto la ndani lisitoke, kwa hiyo wanaanza na mlango, wanaziba kila upenyo, halafu wanajaza kuta. Mtu wa Mwanza akifuata hayo mpaka mwisho atakuwa amelipa hela nzuri kujijengea tanuri. Yule wa tuisheni alishaanza kuulizia bei ya kuvalisha geti kwa ndani. Nikamwambia shika hela yako kwanza.

Sikilizeni, Mwanza siyo mji wa joto kali. Tuko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na mchana wa kawaida hewa ya nje ni nyuzi 27 mpaka 30 hivi. Kaa chini ya mwembe saa nane mchana, upepo wa ziwa ukipita, utasinzia. Sasa kama chini ya mwembe pako poa na hatua kumi pembeni ndani ya banda hakukaliki, shida haiwezi kuwa hewa ya Mwanza. Hilo joto tunalitengeneza wenyewe, na mtambo wa kulitengeneza ni bati.

Sisi tuko karibu sana na ikweta, nyuzi mbili na nusu hivi kusini yake. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua la saa sita linasimama utosini kabisa, na miezi mingine halisogei mbali sana. Kuta zinapigwa pembeni pembeni, ila paa linapigwa kichwani siku nzima. Na bati lenyewe ni chuma chembamba, chini ya nusu milimita. Upande wa juu ukichemka, wa chini umechemka dakika hiyo hiyo.

Hapa ndipo watu wanapoliwa hela ya kwanza. Fundi anakwambia "mzee, weka geji 28, ile 32 ndiyo inaleta joto". Geji inasaidia bati lisibonyee na lidumu. Kwa joto, tofauti yake huwezi kuisikia. Chenye maana zaidi ni rangi. Bati la kahawia iliyoiva au jeusi, hata liwe la msauzi la bei mbaya, linakunywa jua kuliko jeupe. Na lile bati la zamani lililoshika kutu linakunywa kuliko lilivyokuwa jipya.

Hela ya pili inaliwa na feni. Ukikaa karibu na jiko la mkaa, uso unaungua wakati hewa ya pale haina joto kiasi hicho. Ni mionzi ile, inatoka kwenye kitu cha moto na kukupiga moja kwa moja. Bati la moto linakufanyia hivyo hivyo utosini. Feni inapuliza hewa tu, mionzi haina habari nayo. Tena feni ya juu ndiyo kabisa, inachukua ile hewa ya moto iliyojikusanya chini ya bati na kukushushia.

Kiyoyozi je? Twende na hesabu. Kile kidogo cha BTU 12,000 kinakula kama uniti moja kwa saa kikifanya kazi bila kupumzika, na chini ya bati tupu hakipumziki. Saa 8 kwa siku, siku 26 za kazi, ni uniti 208. Kwa asiye kwenye kundi la wale wa matumizi madogo, chukua takriban shilingi 350 kwa uniti. Ni kama 73,000 kila mwezi, bado hujanunua mashine wala kulipa fundi. Kumbukeni hiyo 73,000, nitairudia.

Haya, sasa tujenge. Nachukua banda la mita 3.5 kwa 6, yaani mita za mraba 21. La kwako ukipima lisipofanana, badilisha namba.

Dawa kubwa ni dari. Ile mionzi ya bati ikikutana na dari haikufikii wewe. Bodi ya jipsamu ya kawaida ni mita 1.2 kwa 2.4, karibu mita za mraba 2.9. Gawanya 21 kwa 2.9 unapata 7 na kitu, ukihesabu na vipande vya kukata nunua 9. Fremu ya mbao za mbili kwa mbili: mistari ya kukata upana kila sentimita 60 ni 11, na kwa bahati nzuri mbao ya futi 12 ni mita 3.66, kwa hiyo mstari mmoja mbao moja. Mistari minne ya urefu inakula kama mbao 7. Jumla 18, chukua 20, mbao zetu zinakuja na vifundo na nyingine zimepinda kama upinde.

Bei sasa. Hizi ni namba za mfano ili hesabu itembee, usiende nazo dukani ukamgombeza muuzaji. Tuseme bodi ni 20,000, mara 9 ni 180,000. Mbao tuseme 3,500, mara 20 ni 70,000. Skrubu, misumari, utepe na unga wa kuziba maungio, 60,000. Fundi, 120,000. Inakuja 430,000. Sasa ichukue ile 73,000 ya kiyoyozi uizidishe kwa 6. Ni 438,000. Yaani umeme wa miezi sita unajenga dari nzima, na dari haina luku.

Halafu mwenye dari anapata na faida mbili ambazo hakuzilipia. Mvua za huku zinazotoka ziwani alfajiri ukiwa chini ya bati tupu huwezi hata kuongea na simu, dari inapunguza kelele. Na lile jasho la bati, matone yanayodondoka asubuhi kwenye vitambaa vya watu, linabaki juu. Ila likiwa jingi litalowesha jipsamu, kwa hiyo ile nafasi ya juu ya dari lazima ipumue.

Na hapa kwenye kupumua ndipo mafundi wengi wanaharibu. Wanapiga dari, wanaziba kila tundu, wanaondoka. Hewa ya moto kati ya bati na dari inakosa pa kwenda, inakaa inaiva, mpaka jioni dari yenyewe imekuwa bati la pili. Inatakiwa matundu pande zote mbili juu ya dari, upande wa ziwa na upande wa mlimani, maana mchana upepo unatoka ziwani. Chini ya dari nako weka tofali za matundu, za chini upande unaoingia upepo na za juu upande wa pili. Gharama yake ni ndogo sana ukiifanya siku hiyo hiyo fundi yupo.

Matundu yote yawekewe wavu. Mbu mnawajua, malaria ya kanda ya ziwa haina utani. Na wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kama moshi, wakiingia juu ya dari na popo wakafuata, utanikumbuka kwa ubaya. Hewa na wavu vinakwenda pamoja, na siyo nadharia. Kule kijiji cha Magoda, mkoa wa Tanga, wasanifu na watafiti walijenga nyumba za mfano zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu kwenye nafasi za wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: ndani palikuwa na ubaridi zaidi kuliko nyumba za kawaida za pale na mbu walikuwa wachache.

Kwa ambaye hana 430,000, au amepanga na mwenye nyumba ni wale wa kupandisha kodi wakiona umepaka hata dirisha, kuna rangi nyeupe juu ya bati. Paa la banda letu pamoja na mteremko na vile vipande vinavyotokeza ni kama mita za mraba 29, ongeza migongo ya bati useme 32. Lita moja ikipaka mita 8, mikono miwili ni lita 8, ndoo mbili za lita nne. Iwe rangi ya bati ya nje kweli, na kutu ikwanguliwe kwanza. Chokaa inafanya kazi mpaka mvua ya kwanza, kisha unaiona ikiteremka kwa jirani. Rangi haifikii dari kwa nguvu, lakini ni kazi ya siku mbili na tofauti utaiona wiki hiyo hiyo. Ukiweza vyote viwili, anza na dari.

Kujaza kitu juu ya dari ni hatua ya tatu, na wengi hawataihitaji. Ipo karatasi ya alumini inayowekwa chini ya bati, hiyo ni nzuri ikiachiwa nafasi ya hewa, ikigusana na bati haina kazi. Ipo sufi ya kioo, mvalie fundi barakoa. Na kuna kitu chetu, pumba za mpunga, zimejaa mashineni Magu na Sengerema mpaka wanazichoma. Pumba kavu zinazuia joto karibu sawa na vitu vya dukani, sitanii. Shida ni uzito. Ukimwaga sentimita 10 juu ya mita 21 unapandisha kama kilo 200, na dari ya jipsamu ya fremu nyepesi itashuka tumbo. Pia panya watahamia, na moto ukiingia zinafukuta ndani kwa ndani bila kuonekana. Wazee wetu wa Kisukuma walimaliza hili kwa nyasi. Nenda Bujora pale Kisesa, makumbusho, uingie kwenye msonge saa nane mchana ndipo utajua bati limetupokonya nini. (Sisemi turudi kwenye nyasi. Mimi mwenyewe nina bati.)

Sasa mambo matatu ambayo hayana mjadala.

Zile fomu nyeupe za kufungashia TV na friji, watu wanazibandika chini ya bati na wanafurahi, kwa sababu kweli zinazuia joto. Zinawaka pia, na moshi wake unaua kabla moto haujakufikia. Kwenye chumba chenye pasi ya umeme, au kilichowahi kulaza gari na bado kina dumu la petroli kwenye kona, usiziache wazi. Sandarusi na maboksi ni habari hiyo hiyo.

La pili, jenereta. Umeme ukikatika mtu anawasha jenereta humo humo bandani ili lisiibiwe. Banda la matundu matundu lilikuwa linakusamehe, banda ulilolipiga dari na kuziba halikusamehi. Moshi wa injini una gesi isiyo na rangi wala harufu, unasinzia tu. Jenereta likae nje, mbali na dirisha, ulifunge kwa mnyororo. Na gari lisiwashwe humo kuna watu.

La tatu, kama nyumba ni ya zamani na paa ni zile karatasi ngumu za kijivu zenye mawimbi, inaweza kuwa asbesto. Usizitoboe, usizikate, usizikwangue ili upake rangi. Vumbi lake likiingia kifuani madhara yanatokea miaka mingi baadaye. Hapo piga dari inayosimama kwenye kuta bila kugusa paa.

Kuta nimeziacha mwisho makusudi. Ukuta wa magharibi tu ndio una kesi, jua la jioni linauchoma mpaka saa moja. Turubai la kivuli, au mpapai miwili mitatu, inatosha. Geti la chuma lipake nyeupe, basi, usilivalishe kitu.

Yule dada wa vyerehani ameshapiga dari na matundu, geti kaliacha kama lilivyo. Wa tuisheni bado anabishana na fundi wake kuhusu geji. Wenye bei za wiki hii za bodi na mbao, Igoma, Nyakato, Buhongwa, popote, zitupieni hapo chini pamoja na jina la mtaa, nizibadilishe zile namba zangu za mfano.