Duka Lipo Katoro, Tukaelekezwa Mwanza

Mchimbaji mdogo mmoja tunayemfahamu, mwenye karasha lake si mbali na Katoro, aliharibikiwa na beringi hivi karibuni. Kama wafanyavyo wengi siku hizi, alishika simu akauliza mtandao ni wapi vifaa vya namna hiyo vinauzwa. Mtandao ukamtajia maduka ya Mwanza. Kijana akapanda basi, akavuka daraja la Busisi hadi Kigongo, akanunua, akarudi usiku. Kesho yake wakagundua kwamba beringi ya aina ile ile inauzwa katika duka lililo hatua chache tu kutoka stendi ya Katoro, tena kwa bei nafuu. Karasha lilikuwa limesimama siku nzima, na vibarua walikuwa wamekaa bure.

Tulipomweleza mwenye duka habari hii alishangaa, kwani yeye anayo tovuti yake, na aliilipia. Tukaifungua. Ni nzuri kwa macho. Lakini jina la duka, namba ya simu na mahali lilipo vyote vimo ndani ya picha ya kibao cha mlangoni. Binadamu akiitazama picha ile anaelewa mara moja. Mtambo unaopita mtandaoni usiku na mchana kukusanya habari hauna sababu ya kuamini kwamba hapo pana duka, wala kwamba duka hilo liko Geita na si kwingineko.

Dawa ya tatizo hili ipo, nayo si ngeni. Mwezi Juni mwaka 2011 makampuni ya Google, Microsoft na Yahoo, ambayo kwa kawaida ni mahasimu, yalikubaliana juu ya msamiati mmoja wa kueleza vitu vilivyomo katika kurasa za mtandao, wakauita Schema.org. Kampuni ya Yandex ya Urusi ilijiunga baadaye mwaka huo huo. Kwa msamiati huo mwenye tovuti huweka ndani ya ukurasa wake maelezo mafupi yaliyopangwa kwa utaratibu maalumu: hili ni duka la vipuri, jina lake ni hili, mtaa, mji na mkoa ni hivi, simu ni hii, hufunguliwa siku hizi na saa hizi. Mteja hayaoni maelezo hayo, lakini mtambo huyasoma bila kubahatisha. Mtindo unaotumika zaidi kuyaandika huitwa JSON-LD, nao ulipitishwa na shirika la viwango vya mtandao, W3C, mwaka 2014. Kijana anayejua kutengeneza tovuti anaweza kuyaandika kwa muda mfupi.

Hata hivyo, hapa kwetu kazi hiyo ina mitego yake, na tungependa kuieleza kwa kuwa vitabu vya wageni haviitaji.

Wa kwanza ni saa. Mwenye duka husema anafungua saa mbili asubuhi na kufunga saa kumi na mbili jioni. Fundi asiye mwangalifu huandika 2:00 hadi 12:00. Mtambo, ambao haujui saa za Kiswahili, utaelewa kwamba duka linafunguliwa saa nane usiku na kufungwa saa sita mchana. Mteja atakayeuliza saa tisa alasiri ataambiwa pamefungwa, naye mwenye duka amekaa kauntani akipunga nzi. Inapasa kuandika 08:00 na 18:00.

Wa pili ni majina. Sisi watu wa kanda hii hatugombani juu ya herufi l na r, lakini mtambo unagombana. Kijiji kimoja cha wachimbaji huandikwa Rwamagasa na huyu, Lwamgasa na yule. Msamiati tuliouzungumzia unayo nafasi ya jina la pili, basi itumike. Nyarugusu ni kisa kikubwa zaidi. Kwetu Geita ni mahali pa dhahabu; lakini jina hilo hilo ni la kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996 wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, ambayo dunia nzima imeiandika. Nyumba ya wageni ya Nyarugusu yetu isipotaja wilaya na mkoa waziwazi, itazama katika habari za Kigoma.

Mtego wa tatu unachekesha, ijapokuwa hasara yake haichekeshi. Mahali hutajwa pia kwa vipimo vya latitudo na longitudo. Geita iko kusini ya ikweta, kwa hiyo latitudo yake ni kasoro 2.87, na longitudo ni 32.23. Ukisahau alama ndogo ya kutoa iliyo mbele ya namba ya kwanza, duka lako litahama mara moja kwenda kaskazini mwa Uganda, karibu na mji wa Gulu!

Wala tusidanganyane. Maelezo haya hayamhakikishii mtu kutokea wa kwanza. Google wenyewe wanasema hivyo, na anayeuza ahadi hiyo kwa wafanyabiashara wa Kahama au Shinyanga anawatoza fedha za bure. Tena yakiwa ya uongo yanaweza kumletea mwenyewe adhabu ya kutoonyeshwa kwa namna hiyo kabisa. Yanayosemwa kwa mtambo lazima yalingane na yanayoonekana na mteja. Asiye na tovuti, nao ndio wengi, anaweza kuanza kwa kuandikisha biashara yake bila malipo katika orodha ya Google na kuithibitisha, akizingatia saa na majina kama tulivyoeleza.

Jambo hili tunalipa uzito kwa sababu kanuni za madini za mwaka 2018 zinaitaka migodi itangulize bidhaa na huduma za Watanzania. Hiyo ni haki yetu. Lakini mnunuzi wa mgodi anayetafuta mshonaji wa sare au muuza mabomba hawezi kumtanguliza mtu asiyemwona. Akiwaona wa Dar es Salaam peke yao, kanuni itakuwa imetimizwa kwa Mtanzania, na Msalala haitapata kitu.

Serikali kwa upande wake imekwisha fanya sehemu iliyo ngumu. Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 iliipa mitaa majina na nyumba namba, na vibao tunaviona. Inasikitisha kwamba wafanyabiashara wengi bado wanajieleza kuwa wako "mkabala na sheli" au "nyuma ya msikiti", wakati namba imebandikwa mlangoni. Maofisa biashara wa halmashauri hukutana na kila mwenye duka anapokuja kuhuisha leseni. Tunawaomba siku hiyo wamwulize maswali mawili zaidi: namba ya nyumba yako ni ipi, na je, imeandikwa hivyo hivyo mtandaoni? Yule wa Katoro ameahidi kwamba wiki hii fundi wake ataondoa picha ya kibao na kuandika maneno.