Papa ni Nani? Papa ni Nini?

Mtoto wa Lubumbashi akiulizwa, "Papa ni nani?" atajibu mara moja: "Papa ni baba yangu." Mvuvi wa Mombasa akiulizwa neno lile lile, atajibu: "Papa ni samaki mkubwa wa baharini, mwenye meno makali." Mkristo wa Roma atajibu: "Papa ni askofu wetu." Mkulima wa milima ya Peru, katika Amerika ya Kusini, atajibu: "Papa ni kiazi." Na mwalimu wa visiwa vya Hawaii, akisema lugha ya wazee wake, atajibu: "Papa ni darasa la shule."

Watu watano, sauti moja, majibu matano. Ni nani aliyekosa? Hakuna. Kila mmoja amejibu sawasawa katika lugha yake. Lakini mtu asiyejua jambo hili aweza kumcheka mwenzake bure, aweza kudanganyika, hata aweza kuingia hatarini. Basi inafaa kulifuata neno hili polepole, toka nchi hata nchi, na kuliuliza kila mahali: "Wewe umetoka wapi?"

1. Papa wa nyumbani

Katika Kongo watoto wengi humwita baba yao "papa". Tena kila mwanamume mzima aitwa hivyo kwa heshima, hata kama si ndugu. Mtoto akikutana na mzee njiani husema, "Jambo, papa," naye mzee hufurahi, maana mtoto huyu ana adabu.

Neno hili limetoka katika Kifaransa. Lilienea katika miji na shule za Kongo siku za utawala wa Wabelgiji, uliokwisha tarehe 30 Juni 1960. Utawala ulikwisha, neno likabaki. Lugha nyingine za Kongo zilikuwa na maneno yao tangu zamani: Kiswahili husema baba, Kilingala husema tata, na Kikongo vilevile husema tata.

2. Papa wa bahari

Sasa mtoto huyu wa Kongo asafiri mpaka pwani, kwa Waswahili wa Mombasa au Unguja. Huko atasikia Kiswahili chake, naye atafurahi. Lakini huko papa si baba. Papa ni samaki wa bahari ya chumvi, mwenye ngozi inayokwaruza kama msasa, na mwenye safu nyingi za meno. Jino likianguka, jingine huja mbele kushika nafasi yake. Mifupa yake si migumu kama ya samaki wengine. Ni laini, kama gegedu lililo ndani ya sikio la mtu. Watu wa pwani humvua, humtia chumvi, humkausha, na kumla.

Fikirini basi: watoto wanaoga baharini. Mvuvi mmoja aona kitu majini, apiga kelele: "Papa! Papa!" Watoto wa pwani wakimbilia mchangani mara moja. Mtoto wa Kongo asimama majini, ageuka, atafuta baba ya nani amefika. Amesikia neno vizuri kabisa, lakini hakusikia maana yake. Sikio limefanya kazi yake, ujuzi umepungua.

Katika ziwa Tanganyika hakuna papa. Wavuvi wa Kalemie huvua mgebuka na ndagala. Ndiyo maana neno hili la pwani halikuwa na kazi kwao, na nafasi yake ikawa wazi kwa papa wa Kifaransa.

3. Papa wa Roma

Kwa Wakatoliki, Papa ni askofu wa Roma, mkubwa wa maaskofu wote. Neno hili latoka katika Kilatini, nacho Kilatini kililipata katika Kigiriki. Zamani sana watoto wa Wagiriki walimwita baba yao "pappa" au "pappas". Lilikuwa neno la mtoto mdogo nyumbani, neno la upendo.

Baadaye Wakristo walilichukua neno hilo kuwaita mapadri na maaskofu wao, kwa kuwa waliwaona kama baba. Askofu wa Aleksandria, katika Misri, aliitwa papa tangu karne ya tatu, na mkubwa wa Wakristo Wakopti wa Misri aitwa hivyo hata leo. Lakini katika nchi za Magharibi jina hili liliachwa polepole kwa maaskofu wengine, likabaki la askofu wa Roma peke yake.

Basi, Papa wa Roma na papa wa nyumbani wana jamaa: yote mawili ni maneno ya mtoto anayemwita baba yake. Waitaliano huyatenga kwa kukaza sauti tu. Wakikaza mwanzo, PApa, ni askofu wa Roma. Wakikaza mwisho, paPA, ni baba wa nyumbani.

4. Papa wa udongo

Katika milima mirefu ya Amerika ya Kusini, kando ya ziwa Titicaca, wenyeji walianza kulima viazi miaka elfu kadhaa kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Wenyeji wa milima hiyo husema lugha iitwayo Kikechua. Katika lugha hiyo kiazi ni papa. Wahispania walipoingia Peru mwaka 1532, hawakuwa na jina la chakula hiki, kwa kuwa hawakukijua. Wakachukua jina la wenyeji.

Hapo ndipo Kihispania kilipata shida kidogo. Kilikuwa tayari na "papa" wa Roma, sasa kikapata na "papa" wa shambani. Wahispania huyatenga kwa neno dogo linalotangulia: "el papa" ni Papa wa Roma, "la papa" ni kiazi. Mwanafunzi wa Kihispania asiyeangalia neno hilo dogo atasema kwamba watu wamekula Papa kwa chumvi, na darasa lote litacheka.

Wahispania walikuwa wamejifunza pia neno jingine, batata, katika visiwa vya bahari ya Karibi. Hilo ni jina la kiazi kitamu. Katika Uhispania watu waliyachanganya maneno mawili, papa na batata, likazaliwa neno la tatu: patata. Wareno nao walilichukua neno batata katika safari zao, likafika hata pwani ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo mtu wa Unguja akiita kiazi "mbatata", anatumia neno la watu wa visiwa vya mbali sana, watu ambao babu zake hawakuwaona kamwe.

Mwaka 1567 mapipa ya viazi yalitoka visiwa vya Kanari, yakapelekwa kwa merikebu mpaka Antwerp, mji ulio sasa katika Ubelgiji. Baada ya miaka mingi viazi hivyo vilifika Afrika. Leo vinalimwa sana katika milima ya Kivu, na watu huviita "viazi vya Ulaya". Je, asili yake ni Ulaya? Sivyo. Ulaya vilipita tu. Watu huita kitu kwa jina la mahali walipokipokea. Basi jina laweza kumdanganya mtu asiyeuliza.

5. Papa wa Hawaii

Visiwa vya Hawaii viko katikati ya bahari kubwa ya Pasifiki. Katika lugha ya wenyeji, papa ni kitu bapa, kama ubao. Ubao wa kupanda mawimbi ya bahari ni papa. Tena safu au daraja ya watu ni papa, na kwa hiyo darasa la shule pia ni papa.

Wamaori wa New Zealand, walio mbali sana upande wa kusini wa bahari hiyo, nao husema papa kwa kitu bapa na kwa ardhi. Hapa kufanana si jambo la bahati. Wamaori na watu wa Hawaii ni wa ukoo mmoja. Babu zao walisafiri kwa mitumbwi, wakachukua maneno yao pamoja na mbegu na wanyama wao.

6. Kwa nini maneno hufanana?

Ziko sababu nne.

Sababu ya kwanza ni undugu. Lugha mbili zilizotoka kwa mama mmoja zina maneno ya mama huyo. Ndivyo ilivyo kwa Wamaori na Wahawaii.

Sababu ya pili ni kuazima. Kilatini kiliazima kwa Wagiriki, Kihispania kiliazima kwa watu wa Peru, watu wa Kongo waliazima kwa Wafaransa na Wabelgiji. Kuazima neno si aibu. Hakuna lugha kubwa duniani isiyoazima.

Sababu ya tatu ni kinywa cha mtoto mchanga. Mtoto mdogo hawezi kusema sauti ngumu. Hufunga midomo na kuifungua, basi hutoka "pa-pa", "ba-ba", "ma-ma". Hugusa meno kwa ulimi, hutoka "ta-ta", "da-da". Wazazi husikia, hufurahi, husema, "Ananiita mimi!" Ndivyo sauti tupu inavyokuwa jina. Mtaalamu wa lugha Roman Jakobson, aliyezaliwa Moscow mwaka 1896, alieleza jambo hili katika andiko la mwaka 1960. Alisema kwamba mtoto akinyonya, midomo yake imeshikwa na ziwa, sauti yaweza kutokea puani tu. Nayo ndiyo sauti ya "m". Ndiyo maana katika lugha nyingi sana mama huitwa kwa "m".

Kwa hiyo Mlingala husema tata, na Mpolandi wa Ulaya naye husema tata, wote wakimaanisha baba, wala mmoja hakujifunza kwa mwenzake. Lakini wazazi hawachagui sawasawa kila mahali. Katika nchi ya Georgia, kati ya Urusi na Uturuki, neno "mama" maana yake ni baba! Mtoto wa huko akiita, "Mama!" ni mwanamume anayeitika. Na mama mzazi huitwa "deda".

Sababu ya nne ni bahati tu. Lugha za dunia ni karibu elfu saba, lakini sauti ambazo kinywa cha mtu huweza kutoa si nyingi. Lugha ya Hawaii huandikwa kwa herufi 13 tu. Maneno mafupi lazima yagongane, kama watu wengi wanaopita njia chache. Samaki wa Mombasa, kiazi cha Peru na ubao wa Hawaii wamekutana njiani tu. Hawana baba mmoja wala mama mmoja.

7. Undugu wa kweli hujulikanaje?

Basi, mtu akisema, "Neno hili lafanana na lile, kwa hiyo makabila haya ni ndugu," asiaminiwe upesi. Neno moja si ushahidi. Wataalamu hutazama maneno mengi pamoja, tena hutafuta kanuni isiyobadilika-badilika.

Tazameni mfano. Kiswahili husema watu, Kilingala husema bato, Kiluba husema bantu, Kinyarwanda husema abantu. Tena Kiswahili husema wana, Kilingala na Kiluba husema bana, Kinyarwanda husema abana. Mahali Kiswahili kinaposema "wa", lugha zile husema "ba", wala si mara moja tu, bali kila mara watu wanapotajwa kwa wingi. Hiyo si bahati. Hiyo ni alama ya ukoo, kama sura ya babu inayoonekana kwa wajukuu wote.

Na mtoto mgeni akifika darasani, akasema neno ambalo hapa lina maana mbaya au ya kuchekesha, asichekwe. Labda kwao ni neno la heshima. Labda ndilo neno alilofundishwa na mama yake kabla ya maneno yote. Anayemcheka anaonyesha kwamba yeye mwenyewe anajua kijiji kimoja tu. Mwenye akili humwuliza: "Kwenu neno hili maana yake nini?" Kuuliza si ujinga, tena kwa swali dogo kama hilo mtu hupata neno jipya, na rafiki mpya pia.

Maulizo

1. Taja maana tano za neno "papa", na mahali zinapotumika.
2. Kwa nini wavuvi wa Kalemie hawakuwa na kazi na neno "papa" la pwani?
3. Viazi vya Ulaya asili yake ni wapi? Jina lake lilipatikanaje?
4. Taja sababu nne za maneno kufanana. Toa mfano mmoja kwa kila sababu.
5. Tafuta neno moja la lugha ya nyumbani kwenu ambalo katika lugha ya jirani lina maana nyingine. Liandike pamoja na maana zake mbili.