Pompi ya bustani: pimeni kwanza mto

Kiangazi kimeingia. Mboga zinakauka, na kila kikundi chenye bustani karibu na Luama ao na kijito kinaongea habari ya pompi.

Kikundi chetu kilinunua pompi ya motere kwa feza za likelemba za mwaka mzima. Tuliiweka juu, kando ya nyanya. Ilinguruma, hata tone halikutoka. Fundi alipopima, kutoka kwenye maji hadi pompi ilikuwa mita 9. Pompi ya namna ile, hata iwe na nguvu za tembo, haivuti maji kupita mita 7 hivi. Kuyasukuma juu ndiyo inaweza. Tulichimba ngazi ukingoni, tukaishusha, maji yakapanda.

Basi pimeni hivi, mto ukiwa umeshuka. Mama asimame penye maji, atazame mbele sawasawa bila kuinua kichwa. Pale macho yanapogonga mteremko, mtoto aweke kijiti. Apande pale, arudie. Kutoka mguu hadi jicho ni karibu mita moja na nusu; mara 4 ni mita 6, mara 5 mmekwisha kupita.

Halafu hesabu ya maji. Siku ya jua kali mboga zinataka karibu lita 5 kwa kila mita mraba. Bustani ya mita 20 kwa 20 ni lita 2,000, ndiyo bidoni 100 za kichwani! Pompi ya kukanyaga kwa miguu, kama zile za KickStart ya Kenya, inaweza kutoa karibu lita moja kwa sekunde maji yakiwa karibu. Mkipokezana, saa moja haiishi. Tena haili esansi. Yetu ilikula: njia iliharibika, bei ikapanda, na mwezi wa saba kisanduku kilikuwa kitupu, nyanya zikiwa na maua. Kwa shamba la hekta nzima miguu haitatosha, nakubali. Ya jua ni nzuri, lakini bei yake ya kwanza ni kubwa na inataka mlinzi.

Kabla ya kulipa, ombeni kuijaribu: jazeni bidoni ya lita 20 huku mkihesabu sekunde. Mpira wa kuvuta uwe mgumu, ule laini unajikunja. Na muulize vipuri vinauzwa wapi. Kama jibu ni Bukavu, rudisheni feza mfukoni.